Joto la Chini ya Dambo

Vijana wa kituo cha hali ya hewa waliponiaga nilipostaafu waliniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Niliwajibu kwamba nitakayosahau ni yale madogo, kama siku ya kubadilisha wino wa kalamu za mashine. Yale mengine hata nikiyafukuza hayatoki. Binti yangu, ambaye ni mwalimu, amenikataza kuandika Kiswahili chetu cha Kolwezi. Anasema kitabu kina Kiswahili chake. Nimemtii, isipokuwa pale watu wanapozungumza. Hao walisema walivyosema, na wengi wao wamekwisha kufa. Sioni haki ya kuwasahihisha.

Jina langu ni Kalonji. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, baba yangu akazaliwa kambini Kolwezi akafanya kazi mgodini, na mimi nikategemewa nifanye vivyo hivyo. Sikuwa shujaa wa kukataa. Kifua changu ndicho kilichokataa: daktari alinisikiliza mgongoni, akatikisa kichwa, na baba hakusema nami siku mbili. Baadaye nikapata nafasi ya kujifunza kupima hali ya hewa. Ilikuwa miaka ya sabini, nchi imekwisha kuitwa Zaire na majina ya Kikristo yamepigwa marufuku. Niliingia darasani nikiitwa Joseph, nikatoka na cheti kisicho na Joseph. Mishahara na vyeo nitaviruka. Aliyefanya kazi ya serikali miaka ile anajua kwa nini, na ambaye hakuifanya hataamini.

Walinipeleka Biano. Kwa wale ambao hawajafika huko: ukitoka Kolwezi mpaka Tenke, kisha ukashika njia ya kaskazini, nchi inaanza kupanda na misitu inapungua, mpaka unatokea juu kwenye uwanda mpana wa majani ambako hakuna mti wa kukufikia kiunoni. Nilidhani watu wamekata miti yote. Kumbe miti ipo, ila inaishi chini. Shina na matawi yamo ndani ya udongo, na juu yanatokeza majani machache tu, kama mtu aliyejifunika blanketi akaacha vidole vya miguu nje. Moto wa kiangazi na baridi ndivyo vinavyoifanya hivyo. Kila inapojaribu kurefuka, barafu ya asubuhi za Juni inaua machipukizi yake. Katikati ya majani hayo kuna madambo, yaani mabonde mapana yenye maji, na udongo wake ni mweusi, laini kama mkate uliolowa, umetokana na mizizi iliyooza tangu enzi za mababu. Korongo walitembea humo wawili wawili, polepole, kama wakaguzi.

Nilifika juu ya lori la Ramazani, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Kasongo. Alikuwa akipandisha chumvi na sabuni na kuteremsha mahindi. Mtu wa Kolwezi anajua vumbi na mshindo wa baruti za mgodi, baridi haijui. Nilishuka nikitetemeka. Mzee mmoja mfupi, amevaa koti la jeshi lisilo na vifungo, alikuwa akinitazama.

"We njo Kalonji?"

"Njo mi, tata."

"Uko na koti?"

"Hapana, tata."

"Basi utajifunza kazi mbio. Mutu anasikia baridi hakawiake pa kipimo."

Huyo alikuwa Tata Mwepu (kwetu mzee yeyote ni tata), mkuu wa kituo na mfanyakazi wake wa pekee. Alikuwa mtu wa palepale Biano. Alianza wakati wa Wabelgiji kama mkata majani wa uwanja wa vipimo. Mzungu aliyepaswa kusoma vipimo alfajiri alipenda usingizi, basi mkata majani akajifunza kusoma badala yake, na mzungu alipokwenda zake hakuna aliyeona tofauti katika rejista.

Asubuhi yangu ya kwanza alinipeleka kwenye kibanda cheupe cha vipimajoto. Nikainama kusoma. Akanishika kola akanivuta nyuma.

"Unapumua."

"Ndiyo, tata."

"Pale hatupumuake. Hewa ya mu tumbo yako haiko hali ya hewa ya Zaire."

Wiki nzima nilisoma vipimo nimebana pumzi, macho yakinitoka, naye akinihesabia kwa sauti. Jambo la pili alilonifundisha lilikuwa kutotumia kifutio. Hakukuwa na kifutio kituoni, na siku alipokuta kimoja mfukoni mwangu alikitupa chooni. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya namba, unaandika nyingine kando yake, na ile ya kwanza lazima iendelee kusomeka. "Namba haiko ya kwako," alisema. "Weye unaibeba tu."

Tulikuwa na viwanja viwili. Cha juu kilikuwa karibu na nyumba zetu, chenye kibanda, kipimamvua, na tufe la kioo linalokusanya jua na kuchoma alama kwenye karatasi. Cha chini kilikuwa ukingoni mwa dambo. Hapo palikuwa na vipimajoto vya ardhini, vilivyofukiwa kwa vina mbalimbali. Kile cha nusu mita kilining'inia kwa mnyororo ndani ya bomba la chuma, unakivuta, unasoma haraka, unakirudisha. Mbele zaidi, katikati ya dambo, mahali baridi inapotuama, kilikuwapo kipimajoto kilicholazwa juu ya majani kwa ajili ya kujua ukali wa alfajiri. Hicho kilikuwa cha Tata Mwepu. Alikwenda peke yake kabla ya jua, na mimi nikasoma vya ardhini saa sita mchana. Ndivyo tulivyogawana kazi, na sikuwa na sababu ya kuufikiria mgawanyo huo mara mbili.

Mwaka ule wa kwanza barafu ya majani ilianguka asubuhi nyingi kuliko vidole vyangu vyote. Dambo lilikuwa jeupe, ungedhani mtu amemwaga unga. Tata Mwepu alirudi na ndevu zimeganda, akiwa na furaha ya mtu aliyetoka kwenye arusi.

Baridi hiyo ndiyo iliyoleta wageni. Si mbali na kituo palikuwa na nyumba ya shamba ya mlowezi, yenye paa la vigae na mahali pa kuotea moto. Wakati mali za walowezi zilipogawiwa wananchi, ilimwangukia Citoyen Lwamba (citoyen, yaani raia, ndivyo tulivyoamriwa kuitana), mfanyabiashara mwenye maneno matamu na viatu vyeupe. Mashamba hakuyajua, lakini watu aliwajua. Aliona kwamba watu wa Kolwezi, wanaoishi kwenye vumbi la mgodi uitwao Mashamba na migodi mingine mwaka mzima, wangependa kulala mahali pa baridi, kuvaa sweta, na kunywa bia pembeni ya moto. Akaweka vitanda. Wakaanza kuja kila mwisho wa juma: wahandisi, wazungu wachache, walimu, makarani na wake zao. Walishuka garini wakipiga kelele za furaha kwa kuona moshi ukitoka midomoni mwao.

Sitaki kusema walikuwa watu wabaya. Wengi walinisalimia vizuri kuliko wakuu wangu. Lakini magari yao yalitafuta njia fupi juu ya majani, na ile miti ya chini ya ardhi ikasagwa kama sukari. Mwisho wa kila juma tuliokota chupa kwenye kijito. Korongo walihama dambo la kwanza wakaenda la pili, kisha hatukuwaona tena.

Na kulikuwa na kikanda. Mke wa Tata Mwepu, Mama Ngoie, alijua kukipika kuliko wote. Ni viazi vidogo vya maua yanayoota kwenye dambo. Unavitwanga na karanga, unapika mpaka mchanganyiko unaganda, unakata vipande kama nyama. Zamani alichimba kidogo kwa ajili ya nyumba yake. Wageni walipokionja walitaka kingine cha kubeba. Wanawake wa vijiji vya jirani wakaja na majembe, na Mama Ngoie hakuweza kuwafukuza kwa sababu yeye ndiye aliyetangulia. Miaka michache tu, yale maua ya waridi na manjano yaliyokuwa yakifunika ukingo wa dambo yakabaki moja hapa, moja kule, mfano wa meno ya mzee.

Baada ya vita vya Kolwezi, waasi walipouvamia mji mwaka wa sabini na nane, wageni walitoweka kwa muda, nasi tukadhani mambo yamekwisha. Wakarudi. Safari hii Lwamba alitaka bwawa la kuogelea. Aliajiri watu wachimbe mfereji mrefu kutoka katikati ya dambo mpaka nyumbani kwake. Tata Mwepu alivaa koti lake akaenda kumwona, nami nikamfuata.

"Tata Mwepu," Lwamba alisema, "wageni banatoka mbali. Banataka kuogelea, habakuye kuangalia matope."

"Ile matope njo inakunywesha, citoyen. Ukitosha mayi yote, utabakia na nini?"

"Na fasi ya kuweka magari."

Alicheka, akatuletea bia. Tata Mwepu hakuigusa. Njiani kurudi, tulipofika kwenye mfereji, alisimama akaangalia maji meusi yakitiririka. "Ile mayi iko na myaka kushinda mi na weye," alisema. "Inaenda kuoshea batu makalio."

Miaka iliyofuata mvua zilianza kukatika mapema. Sisemi hivi kwa kumbukumbu ya mzee, nilipima mwenyewe. Asubuhi za barafu zilipungua pia. Tata Mwepu aliporudi kutoka dambo na ndevu kavu, alikasirika kana kwamba kuna mtu amemwibia. Tulipeleka taarifa Lubumbashi kila mwezi. Nadhani walizipokea, maana hazikurudi.

Sasa nafika kwenye kiangazi ambacho kwa ajili yake nimeshika kalamu.

Dambo lilikuwa limekauka upande wa mfereji. Unakanyaga udongo mweusi, unabonyea kama godoro la zamani, lakini maji hayatoki. Jumapili moja kundi la wageni lilichoma mbuzi palepale, kwa kuwa palikuwa tambarare na hapakuwa na upepo. Jioni walimwaga bia juu ya makaa, wakaimba, wakaondoka. Kesho yake Tata Mwepu alikwenda akapiga majivu kwa fimbo. Hapakuwa na moshi. Akamimina ndoo tatu za maji, akaridhika. Mtu yeyote angeridhika.

Kabla ya hapo, karibu mwezi mmoja, nilikuwa nikipalilia kiwanja cha chini. Jembe lilinitoka mkononi likagonga bomba la kipimajoto cha nusu mita. Nilikivuta, nikakichunguza, hakikuwa na ufa. Lakini moyo haukutulia. Kipimo kile hakikuwa na mwenzake nchi nzima kwa jinsi tulivyojua, na Tata Mwepu aliyapenda vyombo vyake kuliko ndugu zake. Sikumwambia.

Basi, siku kadhaa baada ya wale wageni, nilivuta mnyororo saa sita mchana, nikaona kipimo kimepanda. Mwenzenu yeyote aliyesoma anajua kwamba nusu mita chini ardhi haina haraka. Inapanda na kushuka polepole, kwa majuma. Kesho yake kikapanda tena. Siku ya tatu zaidi. Nilijiambia: ndilo lile jembe. Kipimo kimeharibika kweli, sasa kinasema uongo. Nikapiga mstari juu ya namba zote tatu, nikaandika kando zile nilizoona zinafaa, namba nzuri, tulivu, za kiangazi. Siku ya nne nikafanya vilevile, na ya tano. Niliandika barua ya kuomba kipimo kipya nikaificha chini ya godoro, nikisubiri siku Tata Mwepu atakapoamka na moyo mweupe.

Siku ya sita, alfajiri, nilikuwa jikoni nachemsha maji. Nikasikia sauti ambayo kwanza nilidhani ni ya mnyama. Nilikimbia. Nilimkuta katikati ya dambo, mguu mmoja umezama mpaka gotini, mikono imeshika majani, majani yanang'oka. Hapakuwa na mwali wowote. Udongo ulikuwa mweusi na umetulia, na kwenye shimo lile, kuzunguka mguu wake, ulikuwa mwekundu kama tanuri la fundi wa shaba. Moto ulikuwa umeingia ndani siku ile ya mbuzi na kutembea chini kwa chini, ukila mizizi, ukiacha juu ganda tupu.

"Usikuye!" alipiga kelele kunizuia. "Lala! Lala chini!"

Nililala kifudifudi nikamfikia kwa kutambaa, nikamvuta kwa kola ya lile koti la jeshi. Ardhi ilikuwa ikinichoma tumbo kupitia shati. Hayo sitayaeleza zaidi. Mguu wake nao sitauelezea.

Ramazani alikuwa kijijini akipakia mahindi. Aliteremsha magunia yote bila kuulizwa, akatandika blanketi zake, akaendesha mpaka Kolwezi akisoma dua kwa sauti ya chini, akipunguza mwendo kwenye kila shimo. Mama Ngoie alishika kichwa cha mumewe mapajani njia nzima. Mimi niliukalia ubao wa nyuma, nikiangalia vumbi.

Hospitalini walimkata mguu, kisha homa ikaingia. Nilirudi Biano kusoma vipimo, kwa kuwa yeye mwenyewe aliniamuru, nikazunguka dambo kwa njia ya juu. Juma la pili akatuma neno kwa Ramazani: Kalonji aje, na alete rejista. Nilijua kwamba anataka kuhakikisha hakuna nafasi tupu. Nilikaa kwenye lori nimeikumbatia rejista ile, nikitamani lori liharibike. Lori la Ramazani halikuharibika kamwe. Hiyo ndiyo sifa yake na siku ile lilikuwa kosa lake.

Alikuwa amekonda, ngozi imebana mifupa. Mama Ngoie alikuwa ametoka nje kufua. Sikufungua rejista.

"Ile ya chini," aliniuliza. "Ya nusu mita. Ilisema nini?"

Alikuwa amelala pale siku zote hizo akifikiri, na alikuwa amefika mahali nilipokuwa nimejificha.

"Tata, nilizikata."

"Na mustari?"

"Mustari moja."

"Basi ziko. Soma."

Nikasoma. Kumi na nane. Ishirini. Ishirini na tatu. Ishirini na saba. Thelathini na mbili. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtoto anayesomeshwa Biblia. Alifumba macho, midomo ikirudia kila namba.

"Juu ya nini ulizikata?"

"Niliwaza nilivunja kipimo na jembe. Niliogopa utanigombeza."

Kwenye kitanda cha jirani mtu alikuwa akikohoa.

"Ningekugombeza," alisema hatimaye. "Ningekugombeza mubaya sana. Kisha ningepita na njia ya juu."

Akaomba maji. Nilimnywesha, akashukuru kwa kichwa kama alivyomshukuru kila mtu. Hakuniambia kwamba amenisamehe na hakuniambia kwamba hakunisamehe. Alikufa siku mbili baadaye, asubuhi, saa ya kusoma vipimo.

Niliandika ripoti. Niliweka kila kitu: mfereji, wageni, namba tano za kwanza na namba tano zangu za uongo. Nilingoja kufukuzwa, na nadhani nilitamani kufukuzwa. Jibu lilipokuja lilikuwa bahasha yenye fomu mpya za mvua na barua inayosema sasa mimi ndiye mkuu wa kituo. Nilisema nitaviruka vyeo, lakini hicho nimekitaja ili mjue kilivyopatikana.

Citoyen Lwamba alikuja matangani na ng'ombe mzima na mablanketi. Alilia kwa kweli, nilimwona. Kisha kiangazi hakijaisha, akaweka mbao kuzunguka sehemu iliyotoa moshi, na wageni wakaja kuutazama. Walipiga picha. Mwanamke mmoja aliniuliza kama ni volkano. Nilimwambia hapana, ni ardhi inaungua, akasema kwa Kifaransa, "Ah bon," yaani kumbe, akanipa sigara.

Moto ulizimwa na mvua, baada ya miezi. Dambo lilipopoa lilikuwa limezama katikati, kama mkate uliotolewa tanurini mapema. Chemchemi iliyotunywesha sisi na vijiji viwili ikageuka mchirizi, mwaka uliofuata ikawa tope, halafu hata tope likakosekana. Mama Ngoie alikaa nami jirani kipindi hicho chote. Alinipikia Jumapili. Alinishonea shati lile lililoungua, kwa uzi wa rangi nyingine maana hakukuwa na uzi wa rangi yake. Kila nilipomwona akitoka na ndoo kufuata maji mbali, nilijiambia leo nitamwambia, na kila alipofika na ndoo kichwani, shingo imekakamaa, nilimpokea ndoo nikanyamaza.

Mwishowe binti yake aliyeolewa Kisenge akamwita. Nilimsindikiza mpaka Tenke kupanda treni ya Dilolo, iendayo upande huo. Treni ilichelewa, kama ilivyo ada, na tulikaa juu ya mizigo yake tangu asubuhi. Nilipoona watu wanaanza kusimama, nikajua sina nafasi nyingine.

"Mama, kuko neno sikukuambiaka."

Nikamweleza yote, jembe, mnyororo, mistari, na maneno ya mumewe hospitalini. Alisikiliza huku akikaza kamba ya kikapu. Nilipomaliza aliendelea kuikaza, ingawa ilikuwa imekwisha kukaza.

"Mi nilichimbaka kikanda pale," alisema. "Juma ile ile. Zilitoka moto. Zimeiva ndani ya udongo, unaminya na kidole inapasuka. Nilicheka. Niliambia bamama bengine, leo Mungu ametupikia, tusimalize kuni." Treni ilikuwa inaingia, akapandisha sauti. "Nilimupa tata, akakula. Akasema ziko tamu. Sikumuambia zilitoka namna gani, juu alikatazaka kuchimba fasi ile."

Nilimpandishia mizigo. Alikaa dirishani, mikono mapajani, akiangalia mbele. Treni ilipoanza kusogea aligeuka.

"Usibebe yote, Kalonji," alisema. "Ingine iko yangu."

Nilibaki Biano miaka mingine mingi. Kulikuwa na Juni yenye asubuhi tatu za barafu, kisha Juni yenye moja, kisha Juni niliyokwenda katikati ya dambo kila alfajiri na kurudi kila mara na viatu vikavu. Hapo ndipo miti ya chini ilipoanza kuinuka. Kwanza ilinifikia magotini, nikafurahi kijinga kuona kumbe ina matawi mazuri. Kisha ilifika kiunoni, kisha mabegani, na vichaka vya kutoka mabondeni vikaifuata, na majani yale mafupi ambayo watu walitoka mbali kuyatazama yakafa kwa kukosa jua. Lwamba aliikata akauza kuni. Wageni waliopanda na masweta yao waliyabeba mkononi. Mmoja, karani mpole kutoka Kolwezi, alikuja mpaka kituoni akaniuliza kwa adabu kabisa: "Tata, ile baridi yenu iko wapi?" Nilimwonyesha rejista. Aliitazama ukurasa mmoja, akanirudishia kama mtu aliyepewa barua isiyo yake.

Nyumba ya Lwamba ilifungwa kwa kukosa wageni. Kituo nacho kilifungwa kwa kukosa karatasi, kisha fundi akaja kung'oa kibanda. Mimi nikahamishiwa Kolwezi, nikawa na ninyi vijana wa kituo.

Mnajua kwamba kila adhuhuri, baada ya kusoma vipimajoto vya ardhini, nilikuwa nikipiga magoti na kuweka kiganja juu ya udongo. Mlidhani nasali. Mmoja wenu aliniuliza niko kanisa gani, na nilimjibu vibaya, anisamehe. Siku yangu ya mwisho nilifanya hivyo hivyo mbele yenu, mkaningoja kwa heshima. Udongo ulikuwa na joto la udongo wa kawaida wa mchana. Nilisoma kipimo tena, nikaandika namba kama ilivyokuwa, kisha nikakaa palepale chini mpaka mtu akaja kuniuliza kama naumwa.